Shukrani kwa uliyeacha kikaratasi kitabuni

Wewe uliyechomeka kikaratasi ndani ya nakala ya maktaba ya riwaya ya Marissa Meyer iitwayo Cinder, sikujui wala hukuandika jina, lakini asante sana. Binti yangu wa miaka 15 alishaapa kwamba hadithi za wana wa wafalme ni za watoto wadogo. Maelezo yako mafupi yalimgeuza: huyu Cinderella ni fundi mitambo, nusu mtu nusu mashine, na kwenye ngazi za kasri hapotezi kiatu, anapoteza mguu wenyewe wa bandia! Basi, kula kukasahaulika.

Zaidi ya yote ni ule mpangilio wa kusoma vitabu vya mfululizo huu: Cinder (2012), Scarlet, Cress, kisha Fairest kabla ya Winter. Mimi ningempa chochote kilichokuwa rafuni.

Na kuhusu Cress ulisema kweli. Kumtoa Rapunzel mnarani na kumfungia kwenye setilaiti ni ubunifu hasa. Upweke wake ulinigusa (ndiyo, nami nimesoma) kuliko ule wa Rapunzel wa ndugu Grimm, wakusanyaji wa hadithi za kale. Sasa mtoto anaitafuta Cinderella ya 1697 ya Mfaransa Charles Perrault ili alinganishe. Mungu akuzidishie, popote ulipo.