Kuunganisha njia za zamani za kurekebisha picha si lazima kuwe uvumbuzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotugusa sisi mafundi picha wa hapa Unguja: mtu akizichukua njia mbili za kurekebisha picha ambazo zimekwishajulikana, akazifunga pamoja katika programu moja na kuiombea hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasiutumie uvumbuzi wake, je, amevumbua?

Tuchukue dai la namna hii, yaani maelezo ya kile ambacho mwombaji wa hataza anataka kilindwe. Mtumiaji anakizungushia alama kitu asichokitaka kwenye picha, programu inakihamishia kwenye tabaka jingine, mfano wa karatasi angavu iliyolazwa juu ya picha, kisha inaliziba pengo kwa rangi za jirani. Matabaka yamo ndani ya Photoshop, programu maarufu ya kurekebisha picha, tangu mwaka 1994. Ama kuziba kwa kufuata rangi za jirani, hiyo ni kazi niliyofundishwa kwa mkono katika studio moja ya Ng'ambo kabla sijaigusa kompyuta. Mwalimu wangu akiilaza negativu juu ya kioo chenye taa chini yake, akiichonga penseli hadi iwe kama sindano, akigusa nukta moja moja mpaka kovu la shavuni lipotee, na bibi harusi mwenyewe asijue lilipokuwa. Fundi wa kawaida anayezijua njia zote mbili, na ambaye kila siku wateja humwomba awaondolee mtu au nguzo kwenye picha, ana kila sababu ya kuziunganisha.

Mahakama ya Juu ya Marekani ililipima jambo hili mwaka 2007, katika kesi ya KSR na Teleflex iliyohusu pedali ya gari iliyofungwa kihisi cha elektroniki. Ilisema kwamba fundi wa kawaida naye ana ubunifu wake, wala si mashine, na kwamba vitu vinavyojulikana vikiunganishwa kwa njia zinazojulikana na visitoe zaidi ya yaliyotarajiwa, muungano huo huenda ukawa ni jambo la wazi tu, lisilostahili hataza. Nakubaliana nayo kabisa, kwani hataza huwafungia wengine mlango kwa miaka 20.

Hata hivyo, kitendawili kikishateguliwa, kila mtoto barazani husema alikuwa akikijua. Kwa hiyo haitoshi mkaguzi wa maombi ya hataza kuokota kipande hapa na kipande pale, kisha akasema dai ni la wazi. Ni lazima aonyeshe ni sababu gani, siku ile ombi lilipowasilishwa, ingemsukuma fundi aviunganishe vipande hivyo, na kwa nini angetarajia vifanye kazi pamoja. Ikiwa mafundi walilihitaji jambo hilo kwa miaka mingi, wakajaribu na kushindwa, mwombaji anastahili kusikilizwa kwa makini.

Zanzibar ina sheria yake ya mali za viwandani, zikiwemo hataza, ya mwaka 2008, na ina wasajili wake. Ombi langu kwao ni kwamba kila dai la aina hii linapokubaliwa au kukataliwa, sababu ya kuunganisha iandikwe waziwazi, kwa Kiswahili ambacho fundi wa studio anaweza kukisoma.

Fundi picha,
Ng'ambo, Unguja