Kaskazini nao walilima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niijibu makala yenu kuhusu chanzo cha Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865). Mwandishi ametueleza kuwa Kaskazini ilikuwa ya viwanda, Kusini ya kilimo, na kwamba tofauti hiyo pamoja na ugomvi wa ushuru wa forodha ndiyo iliyozaa vita. Hata sisi walimu wa historia tumeyaandika hayo ubaoni miaka nenda miaka rudi, na wanafunzi wanayapenda kwa kuwa yanakaririka upesi. Lakini mtumwa hatajwi mpaka aya ya mwisho.

Tofauti ilikuwepo, tena kubwa. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za bidhaa za viwandani zilitoka Kaskazini. Mwaka 1860 nchi ilikuwa na kama maili 30,000 za reli, na majimbo 11 ya Kusini yaliyojitenga yalikuwa na takriban 9,000 tu. Hapo sina ubishi na mwandishi. Ila hata Kaskazini watu wengi bado waliishi vijijini, wakilima ngano na mahindi huko Ohio na Illinois. Cyrus McCormick alipofungua kiwanda Chicago mwaka 1847, alikuwa akitengeneza mashine za kuvunia ngano. Na huko Kusini, mjini Richmond, kiwanda cha chuma cha Tredegar kilikuwa na watumwa miongoni mwa wafanyakazi wake. Shamba lilikuwepo pande zote mbili, na kiwanda vilevile. Swali ni nani alikuwa mali ya nani.

Sensa ya 1860 ilihesabu watumwa karibu milioni 4. Thamani yao sokoni (inakera kuandika hivyo, lakini ndivyo mabwana zao walivyoandika kwenye daftari zao) hukadiriwa kuwa dola bilioni 3 au zaidi, kuliko reli na viwanda vyote vya nchi vikijumlishwa. Mwenye shamba wa Mississippi aliyevuna vizuri hakuwa na haja ya kujenga kiwanda. Faida yake aliitia katika ardhi mpya na watu wengine wa kuilima. Ndiyo maana miji ya Kusini ilibaki michache na shule zake haba. Familia nyingi za wazungu wa huko hazikuwa na mtumwa hata mmoja, na wale wa milima ya magharibi ya Virginia walikataa kujitenga, wakapata jimbo lao mwaka 1863. Makala haikuwagusa kabisa.

Kosa kubwa zaidi ni kuzichora pande hizi kama nchi mbili zisizojuana. Pamba ilikuwa zaidi ya nusu ya mauzo ya Marekani nje. Marobota yaliyotoka Kusini yalikwenda Uingereza, na mengine yakapanda hadi viwanda vya Massachusetts, ambako wasichana wa mji wa Lowell waliofanya kazi kwa kufuata kengele ya kiwanda waligoma mwaka 1834 na tena 1836. Viwanda vya Kaskazini vilifuma hata nguo nzito za bei rahisi, zikarudishwa Kusini kuwavika watumwa walewale walioichuma pamba. Mabenki ya New York yalikopesha wenye mashamba. Januari 1861 meya wa jiji hilo, Fernando Wood, alipendekeza nalo lijitenge, biashara ya pamba isije ikakatika.

Sisi wa pwani tulikuwemo pia. Baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, meli za Salem, bandari ya Massachusetts, zilileta Unguja merikani, nguo ile isiyopaushwa, zikirudi na pembe za ndovu na sandarusi. Misafara iliibeba merikani hadi Tabora na Ujiji, na hongo ya kupita Ugogo ililipwa kwayo. Vita vilipoanza, merikani iliadimika Unguja, na nguo za Uingereza na India zikachukua soko.

Sasa ushuru. Ni kweli South Carolina iligomea ushuru wa forodha mwaka 1832. Lakini mwaka 1857 ushuru ulipunguzwa, na wabunge wa Kusini wakaunga mkono. Ule wa sheria ya Morrill, uliopandisha ushuru tena, ambao mwandishi anaulaumu ulitiwa saini Machi 1861, majimbo saba yakiwa yameshaondoka, na uliwezekana kwa sababu maseneta wao hawakuwepo kuupinga. Ugomvi uliokuwa moto wakati huo ulihusu ardhi ya magharibi. Huko Kansas watu walianza kuuana baada ya sheria ya 1854 kuwaachia walowezi waamue kama watumwa waingie au wasiingie. Abraham Lincoln aligombea urais kwa ahadi kwamba utumwa hautaenea kwenye maeneo hayo. Akashinda Novemba 1860, na tarehe 20 Desemba South Carolina ikajitenga.

Naona mmeahidi sehemu ya pili. Namwomba mwandishi kabla ya kuituma asome tamko la Mississippi la 1861, ambalo mwanzoni kabisa linasema msimamo wa jimbo hilo umefungamana na utumwa, pamoja na hotuba ya Alexander Stephens, makamu wa rais wa majimbo yaliyojitenga, aliyoitoa Savannah Machi mwaka huohuo. Hizo tarehe za ushuru nazo zisahihishwe, maana wanafunzi wa kidato cha sita wanazinakili kutoka gazetini kama zilivyo.

Mwalimu wa historia,
Tanga