Waandike mavuno kwenye chupa za mvinyo wa Dodoma

Mhariri, naomba kanafasi kadogo. Huku Dodoma zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tatu hivi mvua bado ipo, halafu mwezi wa nane kiangazi kimekolea, na mkulima yeyote atakwambia zabibu ya mvua na ya kiangazi hazilingani sukari, lakini chupa nyingi dukani hazisemi ni mavuno gani wala mwaka gani. Tutalinganishaje sasa?

Juzi nimemimina nyekundu mbili lebo ile ile, moja imeiva kama juisi ya rozela, nyingine imepauka, muuzaji ananijibu "ni ileile mzee".

Bordeaux, eneo la mvinyo kule Ufaransa, ukitaja mavuno ya 2013 wanakunja uso, baridi na mvua viliwavuruga, ila 2016 wanachekelea. Mvinyo mmoja wa huko, Château Margaux, una mdogo wake, Pavillon Rouge, wa shamba hilo hilo, ukiweka zote za mwaka mmoja mdogo analainika mapema, mkubwa bado anakaza ulimi (bei yake sasa, tuache tu).

Viwanda vyetu viandike basi hata "Machi" au "Agosti" nyuma ya chupa, wino bei gani?

Mnywaji wa kiasi, Dodoma