Beringi ya jenereta haipigwi nyundo

Mhariri,

Jenereta la dizeli la mtumba likianza kuunguruma kama kinu upande wa oltaneta (sehemu inayozalisha umeme), lizimwe. Beringi, yaani pete mbili zenye gololi katikati zinazobeba shafti (mhimili unaozunguka), ikilegea, rota (sehemu inayozunguka) hushuka na kukwaruza stata (sehemu tuli yenye koili za nyaya). Kusuka koili upya ni ghali kuliko beringi yenyewe.

Chomoa betri kwanza. Beringi soma nambari yake ubavuni, mathalani 6309-2RS C3. 2RS ni mihuri ya mpira pande zote mbili. Hiyo C3 ndiyo hupuuzwa dukani, nayo ni nafasi ya ziada ndani ya beringi. Bila yake mpya hukaza ikipata moto. Ya zamani vuta kwa pula (kifaa cha kung'olea beringi), rota ikiwa imeegemezwa kwa mbao.

Mpya ipashwe joto, isizidi nyuzi 80 kwa yenye mihuri kama hiyo, si kwa gesi ya kuchomelea, itateleza yenyewe kwenye shafti. Ikigoma, gonga kwa bomba linaloshika ringi ya ndani tu. Ukigonga ya nje, gololi huacha vidonda njiani mwao na kelele hurudi. 2RS ina grisi yake, usiongeze.

Nyumba ya beringi (tundu inamokaa) ikiwa imelika, mafundi huidonoadonoa kwa patasi ibane. Haidumu. Apewe mkerezaji aitie bushi (pete ya chuma ya kujaza palipolika).

Fundi,
Wete, Pemba