Nukta na mkato vinavyotupotezea kilo na shilingi

Ndugu Mhariri,

Pale Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, namba moja inaweza kusomwa namna mbili. Mfanyabiashara wa upande wa Kongo akiandika kilo 1,250 ana maana ya kilo moja na robo, kwa kuwa kwao mkato ndio unaotenga namba nzima na sehemu zake. Wa upande wetu akiisoma anaona kilo elfu moja mia mbili na hamsini. Kila mmoja yuko sahihi kwa alivyofundishwa. Mwaka 2003 mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo ulikubali alama zote mbili kwa desimali, ila ukataka makundi ya tarakimu tatu yatengwe kwa nafasi tupu, si kwa nukta wala mkato. Tunawaomba waandika risiti wafuate hilo: elfu iandikwe 1 250, na penye robo au nusu waandike kilo 1 gramu 250, ubishi uishe.

Taabu kubwa zaidi imo madaftarini mwa watoto. Shilingi yetu haina senti mkononi, hivyo desimali wanaikuta kwenye mizani, lita na meta tu, nasi tunawachanganya kwa jinsi tunavyoisoma. Ukitamka 3.45 "tatu nukta arobaini na tano", mtoto atasema inaizidi 3.5, maana arobaini na tano inaishinda tano. Isomeni "tatu nukta nne tano", kisha andikeni 3.45 na 3.50 pamoja. Ataona mwenyewe.

Kwenye kujumlisha, chukueni mizigo mitatu ya kahawa: kilo 62.5, 8.75 na 40. Wengi hulinganisha tarakimu za mwisho upande wa kulia, kama walivyozoea kwa namba nzima. Basi sehemu za kumi zinakaa safu moja na sehemu za mia na mamoja, inatoka 1540, nukta inapachikwa, jumla inakuwa 15.40. Yaani mizigo mitatu imekuwa myepesi kuliko mmoja wao! Nukta zisimame wima, moja chini ya nyingine, na mapengo yajazwe sifuri: 62.50, 8.75, 40.00. Jumla ni kilo 111.25.

Kuzidisha hakuhitaji kupanga nukta. Ubao wa meta 2.4 kwa 0.35: zidisha 24 kwa 35, upate 840. Hesabu tarakimu zilizo kulia kwa nukta katika namba zote mbili. Hapa ni moja na mbili, jumla tatu. Rudi nafasi tatu kutoka kulia: 0.840, yaani meta za mraba 0.84. Ni tatu kwa sababu sehemu za kumi zikizidishwa kwa sehemu za mia huzaa sehemu za elfu, na mtoto aelezwe hivyo asije akakariri tu. Kosa tunalosahihisha kila mara ni kufuta sifuri ya 840 mapema. Inabaki 84, nafasi tatu zinahesabiwa, jibu linakuwa 0.084, pungufu mara kumi. Sifuri hiyo ifutwe nukta ikishakaa mahali pake. Na kabla ya kuandika jibu, mtoto akadirie: 0.35 inapita theluthi kidogo, theluthi ya 2.4 ni 0.8, kwa hiyo 0.084 haiwezekani.

Jambo la mwisho linawaumiza vibarua. Mtu amefanya kazi saa mbili na nusu kwa shilingi 4 000 kwa saa. Karani anaandika 2.30, anazidisha, anamlipa 9 200. Haki yake ni 10 000, kwani saa ina dakika 60, si 100, na nusu saa ni 0.5. Makarani wagawanye dakika kwa 60 kwanza: dakika 15 ni 0.25, dakika 45 ni 0.75. Ndipo wazidishe.

Walimu wa hesabu,
Kasese