Kemikali kwenye chupa za maji: barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Kigoma Ujiji

Ndugu Mkurugenzi,

Pokea salaam zetu. Tunaiomba ofisi yako ipige marufuku jambo moja tu: kuuza au kuhifadhi kemikali za nyumbani ndani ya chupa za maji, soda na juisi. Hatuombi jiki, yaani dawa ya klorini ya kufulia na kuua vijidudu, iondoke sokoni, wala mafundi sabuni wafunge vibanda. Mji wa kando ya ziwa unaokijua kipindupindu hauwezi kuishi bila klorini, na mawese bila sabuni yake ni nusu ya biashara. Ugomvi wetu uko kwenye chombo.

Angalia meza moja ya kawaida, iwe Mwanga, Ujiji au njia ya kushukia mwaloni Kibirizi. Kuna chupa za nusu lita zimepangwa mstari. Moja ina jiki, na lebo ya "maji safi ya kunywa" bado imeng'ang'ania ubavuni. Ya pili ina mafuta ya taa. Ya tatu na ya nne ni sabuni ya maji, moja ya kijani, nyingine ya njano iliyokolea kama juisi ya pasheni. Vifuniko vyote ni vya bluu, na vyote vinafunguka kwa mkono wa mtoto wa miaka mitatu. Muuzaji anajua kipi ni kipi kwa sababu amevipanga mwenyewe. Vikishafika jikoni kwa mteja, ujuzi huo umebaki sokoni.

Kitu kibaya kuliko vyote huwa hakionekani mezani kabisa, maana kiko nyuma ya nyumba ya fundi sabuni. Kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, ikishayeyushwa huachwa ipoe, mara nyingi usiku kucha. Ikipoa inakuwa maji meupe, hayana rangi wala harufu. Ukiyaweka kwenye chupa ya maji, hakuna jicho litakalotofautisha. Anayemeza funda moja huungua mdomo na koo hapo hapo, na kidonda kikipona, umio hubana kwa kovu, chakula kisipite. Halafu chupa yenyewe haihimili: kostiki ikiyeyuka joto hupanda karibu na la maji yanayochemka, plastiki nyembamba inajikunja, na hata ikipoa, kostiki kali huendelea kuila plastiki hiyo mpaka inavuja rafuni.

Kwa kuwa mafundi wa mawese ni wengi kwetu, tuseme hesabu yenyewe. Kilo moja ya mawese inahitaji gramu 141 za kostiki ili mafuta yote yageuke sabuni. Fundi makini hupunguza kidogo, anaweka gramu 134, ili mafuta yabaki kidogo na sabuni isichome. Mafuta ya mise, yaani ya kokwa za mchikichi, yanataka zaidi: gramu 176 kwa kilo, au 167 ukipunguza. Maji yawe gramu 300 hivi kwa zile gramu 134. Kostiki ndiyo inayomwagwa ndani ya maji, kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya kostiki yanachemka ghafla na kuruka usoni. Sufuria ya aluminiamu isitumike, kwa sababu kostiki inaila huku ikitoa gesi ya haidrojeni, ambayo hushika moto. Ndoo nene ya plastiki au chombo cha chuma kisichoshika kutu kinatosha.

Hesabu hizi huharibikia kwenye kikombe. Kostiki ya vipande na ile ya punje hazijai kikombe kwa uzito uleule, na iliyokaa wazi hunyonya unyevu na hewa ukaa, ikawa nzito lakini dhaifu. Fundi anaona sabuni haishiki, anaongeza kikombe cha pili "kwa usalama", na mke wa mtu anachubuka vidole kwa wiki nzima. Dawa yake ni mizani ya kidijitali inayosoma gramu, dumu linalofunga vizuri, na kipande cha karatasi ya kupimia pH, namba ya ukali: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni ukali wa kostiki. Sabuni ya mche iliyokaa wiki 4 ikisoma 9 hadi 10 iko sawa. Ikizidi 11, iendelee kukaa au irudi jikoni. Kulamba sabuni ili kupima makali ni desturi ya zamani tunayoomba ife.

Sabuni ya maji ina tatizo lake. Wengi huanza na salfoniki, ambayo ni asidi, kisha huituliza kwa sodaashi. Kilo moja ya salfoniki inahitaji kama gramu 160 za sodaashi. Mapovu yanayotoka ni hewa ukaa, kwa hiyo ndoo isijazwe na sodaashi isimwagwe yote kwa mkupuo. Ikipungua, sabuni inabaki na asidi. Ikizidi, inakula ngozi kwa upande wa pili. Lengo ni pH 7 hadi 8. Kisha wengi wanamimina formalini ili sabuni isioze. Hapo hatukubaliani nao. Mvuke wa formalini huwasha macho na koo, na tangu 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Anayeivuta zaidi ni fundi mwenyewe, aliyeinamia ndoo ndani ya chumba kisicho na dirisha. Atumie maji yaliyochemshwa, vyombo safi, atengeneze kidogo cha kuisha ndani ya wiki 2. Na rangi ya juisi ni ya nini? Uchafu hautoki kwa rangi.

Jiki nayo haitaki chupa inayopitisha mwanga. Mwanga na joto huivunja. Joto likipanda nyuzi 10, kasi ya kuharibika huongezeka mara 3 hadi 4. Ndiyo maana viwanda huiweka kwenye chupa isiyopitisha mwanga. Ile iliyoanikwa juani tangu asubuhi hupungua nguvu, na muuzaji anayechanganya mwenyewe kwa unga wa klorini huongeza unga kwa kukisia. Matokeo yake chupa mbili za meza moja zinaweza kutofautiana mara kadhaa, na mama anayezitumia hana namna ya kujua. Jiki ya asilimia 3.5, vijiko 2 vya mezani kwenye lita moja ya maji, inatoa karibu asilimia 0.1, inayotosha kufuta sakafu na meza. Bila kujua namba iliyo chupani, kipimo hicho hakina maana.

Kutokuwa na lebo ndiko pia kunakozaa ajali za chooni. Dawa nyingi za kusugulia choo zina asidi ya haidrokloriki. Mtu akimwaga jiki juu yake, gesi ya klorini inatoka palepale, na choo chetu cha mita moja kwa moja na nusu hakina pa kukimbilia. Jiki juu ya mkojo mwingi uliokaa nayo hutoa gesi inayowasha kifua. Mstari mmoja kwenye chupa, "usichanganye na dawa ya choo", ungemwambia mtu hayo kabla hajafungua kifuniko.

Kugawa rejareja kumefika hata kwenye vidonge vya kuhifadhia mahindi. Vinatolewa kwenye mkebe wake, vinafungwa kwenye kipande cha gazeti, vinauzwa kimoja kimoja. Vidonge hivi huamshwa na unyevu wa hewa tu, kwa hiyo masika vinaanza kutoa gesi vikiwa bado mfukoni. Kidonge cha gramu 3 hutoa gramu 1 ya fosfini, ambayo ni gesi ya sumu. Kwenye chumba cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 3, kikiwa kimefungwa, hiyo inatosha kuzidi mara 80 kiwango cha sehemu 0.3 kwa milioni kinachovumiliwa kazini kwa saa 8. Na gunia la mahindi kwa watu wengi liko chumba cha kulala. Mahindi yaliyokauka chini ya asilimia 13 ya unyevu, yakifungwa kwenye mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa, wadudu wanakufa kwa kukosa oksijeni, bila kidonge.

Dawa ya kunguni isiyo na jina tusiirefushe: mate kumwagika, jasho, mboni za macho kuwa ndogo na misuli kutetemeka ni dalili za sumu inayohitaji hospitali mara moja, na daktari atataka kujua ni dawa gani. Kunguni na mayai yake hufa kwa joto la nyuzi 50. Maji ya moto kwenye maungio ya chaga yanafanya kazi. Mkorogo unaopakuliwa kwenye vikopo nao uingie kwenye katazo hilihili, kwa kuwa zebaki na haidrokwinoni haziruhusiwi kwenye vipodozi, na kikopo kisicho na lebo ndicho maficho yake.

Sheria zipo. Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ipo tangu 2003 chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali; vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu 2019; viuatilifu vina mamlaka yake. Ila Mkurugenzi, hao wote wako mbali na meza ya Ujiji. Anayepita pale kila asubuhi ni mkusanya ushuru wako.

Sheria ndogo itapita Baraza la Madiwani na kusubiri saini ya Waziri, na hilo lina muda wake. Wakati tukisubiri, maafisa afya wa kata na uongozi wa masoko wanaweza kuanza kwa kutenga meza za kemikali mbali na za vyakula, na kumpa kila muuzaji mwezi mmoja wa kubadili vyombo. Chombo kinachokubalika kiwe kisichopitisha mwanga, kifuniko chake kiwe cha kubonyeza ndipo kizunguke, na mteja arudi nacho kujaziwa, maana tunajua chupa mpya kila mara haiuziki kwa bei ya Kigoma. Lebo iwe na jina la kitu, nguvu yake, tarehe ya kutengenezwa, kisichochanganywa nacho, na simu ya aliyetengeneza. Iandikwe kwa Kiswahili, kwa wino usiofutika kwa maji.

Mstari wa mwisho wa lebo tunaomba uwe huu: "Akimeza, usimtapishe." Watu bado wanakimbilia maziwa au mawese ili atapike. Mafuta ya taa yakirudi juu huingia kwenye mapafu, na kostiki ikirudi inaunguza umio mara ya pili. Asuuzwe mdomo, apelekwe kituo cha afya au hospitali ya Maweni, na chupa iende naye. Kemikali ikiingia machoni, maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 kabla ya safari.

Rasimu ya lebo tunayo, na karatasi za pH za kupimia siku moja ya soko tunazo. Tupangie soko na siku, tutakuja na mizani zetu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mafundi sabuni, wafamasia na wauguzi wakazi wa Kigoma Ujiji