Kwa Remmy wapo?

Ndugu Mhariri,

Jumapili iliyopita, kwenye kipindi cha zilipendwa, mtangazaji mmoja alisema Wakongo walikuja kututumbuiza, kisha wakarudi kwao. Nilikuwa napeta mchele, nusura niumwage.

Baba yangu hakurudi. Alitoka Lubumbashi miaka ya 1970, enzi za bendi ya Maquis kuujaza ukumbi wa White House, Ubungo, akapiga gitaa la rithimu katika bendi ambayo leo haina wa kuikumbuka. Kaburi lake liko Kinondoni. Kiswahili alikuja nacho, ila cha kwao: "Batoto, leteni mayi!" Wenzangu mtaani walimwigiza mpaka nikawa nikimwona anakuja nakata kona. Shuleni nilijiandika kwa jina la babu mzaa mama, Mzaramo wa Kisarawe, nisije nikaitwa Mzaire.

Lakini nyimbo zake zilinyooshewa mezani kwetu. Mama na daftari, baba akiimba chini chini na gitaa kavu mapajani. Likipita neno, mama anagonga meza kwa kalamu. "Hiyo 'banasema' futa. Wanasema." Baba anacheka, anafuta, anaanza upya. Jioni wimbo uko mazoezini, baadaye unasikika redioni, RTD. Sasa naomba mtangazaji anijibu: huo ulikuwa muziki wa nani?

Kijana wangu wa mwisho anatengeneza singeli, ule muziki wa kasi wa vijana. Mwezi uliopita alinisikilizisha kazi yake mpya. Katikati ya fujo ile (aniwie radhi, ni fujo) nikasikia rithimu ninayoijua. Kaikata kutoka kwenye kanda ya babu yake, kaikimbiza mara mbili. Na jina alilojipa la usanii ni la babu, lile lile nililolificha mimi. Nikamwambia apunguze sauti, majirani wamelala.

Juzi nilipanda daladala ya Sinza. Konda, kijana mdogo, akapaza sauti: "Kwa Remmy wapo?" Nikamuuliza, mwanangu, huyo Remmy ni nani? Akanishangaa. "Kituo, mama."

Nikaanza kumweleza habari za mwanamuziki Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alivyoingia Dar mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, akabaki hapa hapa hadi alipofariki mwaka 2010. Sijafika hata kwenye bendi yake ya Super Matimila, nikapitilizwa kituo.

Binti wa Mpiga Rithimu,
Sinza, Dar es Salaam